Nafasi Moja kwenye Kivuko cha Alhamisi

Baba alifariki Jumatano alfajiri, na jua halijapanda vizuri juu ya Musaga, mtaa wetu, nilikuwa nimeshaamua jambo moja: kesho yake Astère atavuka maji, apende asipende.

Astère ni kaka yangu, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu. Mimi ni Léoncie, namfuata. Yeye anaishi kwenye kisiwa kidogo cha Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania, na jina la kisiwa chenyewe silitaji kwa sababu kila nikilitamka ananicheka. Ukitaka kutoka huko kuja Bujumbura, kwanza unavuka kwa kivuko mpaka nchi kavu. Ni safari fupi, mtu hamalizi hata muhogo wake. Halafu ni mabasi, mpaka wa Kobero, na milima, ndipo unashuka kwetu. Mabasi hayakunitia hofu, basi likijaa unapanda jingine. Ila kivuko ni kimoja, kinavuka asubuhi mara moja tu, na Ijumaa hakivuki kabisa kwa sababu ndiyo siku yao ya kukikagua. Mitumbwi ya abiria ipo, lakini Astère ndiye fundi wa mashine za mitumbwi hiyo na haipandi hata umburuze. Anasema anaijua mno. Kwa hiyo ilikuwa kivuko cha Alhamisi au basi tena.

Maana baba mdogo Aloys, mdogo wake marehemu, alikuwa ameshapanga. Huyo ni mtu wa haraka tangu kuzaliwa. Kabla chai haijachemka alikuwa ameongea na padri, na watu wa chumba cha maiti, na wenye viti vya kukodi: mazishi Jumamosi, saa nne asubuhi. Nikamwuliza, na Astère? Akasema Astère akifika ni vizuri, asipofika tutamwombea. Nikamwambia atafika. Akaniuliza nimejuaje. Nikamjibu kwamba nimejua kwa sababu ninayemleta ni mimi.

Sikusema hivyo kwa kiburi, au tuseme si kwa kiburi peke yake. Baba alikuwa dereva wa serikali. Maisha yake yote ya kazi aliwapeleka wakubwa Kigobe, bungeni, na kuwasubiri nje ndani ya gari, na alichotaka ni kumwona mwanawe siku moja akipita ule mlango ambao yeye aliishia nje yake. Astère akaacha shule, akaenda Ruziba kufungua mashine za boti za wavuvi. Baba akamwambia mbele ya wageni kwamba mikono yake ya mafuta machafu isiguse tena kitu cha nyumba hii. Astère hakugusa. Alihama mji, akahama na nchi, na tangu hapo wale wawili walikuwa wakisalimiana kwa simu kila Mwaka Mpya kama watu waliokutana kwenye foleni.

Sasa, wiki moja kabla ya kufa, baba alinivuta mkono pale hospitali. Sauti ilikuwa imebaki kidogo, kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi.

"Udongo ya kwanza, aitupe Astère," akasema. "Kwa mikono yake. Mutu mwingine apana."

Nikamwambia ndiyo, baba. Nilimwelewa. Baba hakuwa mtu wa kuomba msamaha, nadhani hata neno lenyewe halikuwahi kupita mdomoni mwake. Huo udongo ndio ulikuwa msamaha wake wote, na alinikabidhi mimi niufikishe. Kama Astère asingekuwepo kaburini, baba angezikwa na msamaha wake mkononi, na kaka yangu angezeeka kisiwani akiamini kwamba mikono yake bado ni michafu.

Mtu wa mbali ataniuliza: si umpigie tu simu umwambie baba amekufa, njoo? Kwetu haifanyiki hivyo. Mtu haambiwi kifo kwa simu, akiwa peke yake, amesimama njiani na spana mkononi. Anaitwa kwanza. Unamwambia mzee ana homa kidogo. Akifika anakalishwa, anakula, watu wanamzunguka wa kumshika akianguka, ndipo mkubwa mmoja anakohoa na kuanza kusema. Na huyu wetu alikuwa anakwenda kupanda chombo cha maji. Nilimwona kabisa ameegemea kizuizi cha kivuko na habari hiyo kichwani, na chini ni maji. Hapana. Angeambiwa Musaga, juu ya kiti, tumbo likiwa na chakula.

Kwa hiyo ilinibidi nimpigie nimlete bila kusema. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa, kwa sababu mimi si mtu wa sauti ndogo. Watoto wa jirani wakisikia naamka, wanaamka na wao. Simu zangu zote kwa Astère zinaanza hivi: "We kichwa jiwe, bado uko hai?" Naye anajibu, "Bado." Ndiyo salamu yetu, na tumependana hivyo miaka yote. Lakini nilijua nikianza kwa kelele naye atapandisha kelele, tutabishana, atasema ana mashine ya mtu haijaisha, atakuja Jumapili. Siku hiyo nikaamua kuwa mtamu.

Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, mbali na wanawake waliokuwa wanalia. Nikanywa maji, nikapangusa uso kana kwamba angeniona, nikapiga.

"Kaka," nikasema. "Umeamka muzuri?"

Mlio wa spana upande wa pili ukakoma.

"Léoncie?" akauliza.

"Ndiyo, kaka. Baba iko na homa kidogo. Anatamani kukuona. Ungeweza kukuja na kivuko ya kesho? Tafadhali."

Nikasikia chuma kikiwekwa chini, polepole. Halafu akasema, "Sawa. Nitakuja."

Bila ubishi. Mtu ambaye ukimwambia leo ni Jumatano atakuuliza nani kasema. Pamoja na huzuni yangu yote nilijipongeza. Nikajiambia kumbe huyu miaka yote alikuwa anahitaji kubembelezwa, na mimi nimeumiza koo bure.

Ila kabla ya kukata akaongeza neno lililoniudhi. Alisema kesho ni gulio la nchi kavu, kivuko hujaa, lakini atajaribu kupata nafasi. Atajaribu! Najua kujaribu kwa Astère. Noeli moja alijaribu kuja, sahani yake ikakaa mezani imefunikwa mpaka tukampa paka. Nikamwuliza kwa sauti yangu mpya ya asali ni nani anayekata tiketi huko. Akasema anaitwa Tajudini, akanitumia namba yake. Nikamwambia yeye afunge begi tu, nafasi ni kazi yangu.

Nilitaka kuondoka saa ileile, lakini msiba una miguu mingi. Mara nguo ya kumvika baba, mara shangazi kazimia, mara baba mdogo anataka kujua nani atasoma wasifu. Nilipochomoka mchana ulikuwa umeshageuka. Mafuta mjini siku hizo hakuna, mabasi ya mitaani yamesimama, nikatembea kwa miguu kutoka Musaga mpaka Buyenzi, kwa Saliha.

Saliha ni mwenzangu wa biashara, mtoto wa Buyenzi, babu zake wako pale tangu mji ungali mdogo. Tunauza vitenge pamoja soko la Ruvumera. Nilimhitaji yeye kwa sababu mizigo yake inatoka Kigoma, kwa hiyo ana laini ya Tanzania kwenye simu na anaweza kumlipa mtu wa kule papo hapo. Alikuwa ameshasikia. Alinikumbatia mlangoni, akanikalisha, akanilazimisha chai na maandazi, na nilipomweleza shida yangu akatikisa kichwa.

"Siye, mpaka saa hii tungekuwa tumeisha kumuzika," akasema. "Ambia ule kaka yako ukweli. Atavuka hata kwa kuogelea."

Nikamwambia ndicho ninachokiogopa. Hakubishana. Alinionea huruma na desturi zangu kama ninavyomwonea huruma yeye na mfungo wake wakati wa joto, akanipa simu. Kwenye ukuta wake saa ilikuwa inasema kumi na dakika chache. Dirisha la tiketi, Astère aliniambia, hufungwa saa kumi na moja. Tulikuwa na muda wa kutosha, hata nikamaliza andazi langu.

Tajudini akapokea kwa kile Kiswahili chao kilichopigwa pasi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba kivuko kimejaa na dirisha limeshafungwa. Nikamwambia haiwezekani, ni saa kumi. Akasema, "Huko kwenu labda, mama. Hapa saa kumi na moja imepita."

Nilitaka kujipiga kofi. Mimi! Mimi niliyevuka Kobero na marobota ya vitenge sijui mara ngapi, na kila safari pale mpakani nasogeza saa yangu mbele nikienda na kuirudisha nyuma nikirudi. Saa zao ziko mbele ya zetu, hata mtoto wa mfanyabiashara anajua. Na Saliha naye, mtu wa Kigoma wiki hii na ijayo, alikuwa ananimiminia chai. Huzuni ilikuwa imetufanya wajinga wote wawili.

Lakini sikukata simu. Nikamwuliza kivuko kimejaa nini hasa. Akasema abiria, magunia ya dagaa, na ng'ombe wa gulio. Nikamwambia apunguze ng'ombe mmoja. Akacheka, akasema ng'ombe ameshalipiwa. Nikamwambia kaka yangu hana hata uzito wa ng'ombe, atasimama, atakaa juu ya dagaa, atabeba kamba. Akasema si suala la uzito, mama, ni idadi: majina yameshakwenda kwa nahodha, na nahodha wao haongezi kichwa hata kwa rais. Hapo nilimheshimu kidogo, na nikamchukia zaidi. Akaniuliza haraka yote ni ya nini, kwani fundi Astère si anaweza kuvuka Jumamosi?

Nikakwama. Kisiwa ni kidogo. Nikimwambia Tajudini, kabla ya magharibi Astère atakuwa amesikia kwa mtu wa samaki. Nikamtazama Saliha.

Saliha akaichukua simu mkononi mwangu. Akageukia ukuta, akamsalimia kwa salamu ya dini yao, akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Sikuyasikia yote. Nilisikia "mzazi wake", nikasikia "usimwambie, kwa haki ya Mungu". Halafu nikasikia sauti ya Tajudini ndani ya simu ikisema taratibu, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Saliha akanirudishia. Tajudini alikuwa amebadilika. Alisema yeye mwenyewe alikuwa avuke kesho kwenda gulioni, na jina lake liko kwenye ile idadi. Atamwomba nahodha alifute, aandike la Astère. Gulio litakuwepo wiki ijayo. Nikaanza kumshukuru, nikashindwa, Saliha akamalizia na kulipa.

Alhamisi asubuhi, safari hii nikihesabu saa za kwao, nilimpigia Tajudini. Akasema amepanda, amemwona kwa macho yake, kivuko kimeshatoka. Akaongeza kwamba Astère alifika gatini kabla ya kila mtu, akawa anaongea na mwenye mtumbwi, na kwamba amevaa koti jeusi na joto lote lile. Nikadhani alikuwa anamwangalizia mashine. Kuhusu koti, nikasema moyoni ndiyo ushamba wa watu wa visiwani, kusafiri umejifunika kama bwana harusi.

Kilichoniudhi ni kingine. Njia nzima Astère alinitumia habari: nimeshuka kivukoni, nimefika Kahama, nimevuka Kobero, nalala Muyinga. Mimi najibu kwa utamu wangu, sawa kaka, pole na safari kaka. Na yeye hakuuliza hata mara moja baba amelalaje. Hata mara moja! Unaambiwa mzazi mgonjwa, unasafiri siku mbili kwenda kumwona, huulizi kama amekunywa hata uji? Ijumaa jioni, nikiwa nakunja vitambaa vya kanisani, nililia kwa hasira. Nilijiambia hajamsamehe. Anakuja kwa sababu nimembembeleza, lakini moyo ameuacha kisiwani, na ule udongo atautupa kama mtu anayemwaga taka.

Jumamosi nilikwenda kumpokea pale magari ya Muyinga yanaposhushia watu. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nilibeba chai kwenye chupa na mkate. Baba mdogo Aloys na wanaume wawili wa familia walikuwa wanasubiri kwa jirani, kiti kimewekwa. Ningempeleka hapo, angekula, baba mdogo angekohoa, mambo yangekwenda kama yanavyokwenda.

Akashuka na koti lake jeusi, vumbi mpaka kwenye kope. Amezeeka. Nikamkumbatia nikamwambia karibu kaka, kunywa chai kwanza. Akaishika ile chupa, akanirudishia bila kuifungua.

"Bado hamujamuzika?" akauliza.

Kilichonijia kwanza ni yule mtu wa tiketi, nikamwapiza hapohapo barabarani. Kumbe ameombwa kwa haki ya Mungu na bado akasema!

"Tajudini? Tajudini amenipa nafasi yake tu, hakunena kitu," Astère akasema. "Ni we umeniambia."

"Mi? Mi nimekuambia baba ana homa."

"Umeniita kaka," akasema. "Umesema tafadhali. Hujanitukana hata kidogo. Nikaweka spana chini, nikajua baba amekufa. Kama ningekosa ile nafasi ningepanda mutumbwi."

Nikakumbuka mwenye mtumbwi gatini. Nikakumbuka koti. Nikamwuliza, sauti yangu ikiwa imeanza kurudi mahali pake, kwa nini basi njia nzima hakuuliza kitu, mimi nimekaa hapa namchukia siku mbili. Akatazama viatu vyake.

"Ningeuliza, ungenidanganya tena," akasema. "Ile ya kwanza, nilisikia ilikuwa inakuuma."

Wapita njia walidhani tunagombana, kwa jinsi nilivyoanza kulia. Yeye hakulia. Alikuwa ameshalia juu ya maji, akaniambia baadaye, nyuma ya ng'ombe. Lakini kulikuwa na neno moja ambalo hakulijua, ambalo sauti yangu tamu haikuweza kumfichulia, na hilo nikampa palepale, bila kiti na bila baba mdogo kukohoa. Nikamwambia baba alivyosema kuhusu udongo. Nikamwambia na ile "kwa mikono yake".

Astère akaitoa mikono mfukoni, akaigeuza kuitazama. Alikuwa ameisugua, nadhani kwa mchanga, mpaka ngozi imekuwa nyekundu, lakini kwenye kucha mafuta meusi ya mashine yalikuwa bado yamekaa. Hayatoki yale. Akairudisha mfukoni, tukaenda makaburini.

Padri alipomaliza, baba mdogo akampa koleo. Astère akaliweka chini. Akapiga magoti, akachota udongo kwa viganja vyote viwili, akasimama juu ya ukingo wa kaburi, akakwama hapo. Udongo ukawa unadondoka kidogokidogo kwenye viatu vyake. Watu wakasubiri. Baba mdogo akatazama saa. Shangazi akaanza kunong'ona kwamba mtu mwingine amsaidie, na mmoja wa binamu akasogea kweli, akanyoosha mkono.

Sikuwa nimeivuka nchi nzima kwa simu ili udongo ule utupwe na binamu. Utamu wangu ulikuwa umeisha, na sasa haukuwa na kazi tena.

"We kichwa jiwe," nikasema, kwa sauti ambayo makaburi yote yaliisikia. "Tupa."

Akatupa.